Mwanga wa Kuwafukuza Wanga

Magharibi mwa Ireland, kilomita chache kutoka mji wa Castlebar, kuna makumbusho ya maisha ya vijijini yaliyoko Turlough Park. Humo zimehifadhiwa zana za kulimia, vikapu, viti vya majani makavu yaliyosukwa, mitego ya samaki: mali za watu ambao hawakuwahi kuandikwa kwenye vitabu vya wafalme. Miongoni mwa vitu hivyo kipo kichwa kimoja kidogo cha rangi ya udongo, cha kukaa kwenye viganja viwili. Macho yamedidimia, mdomo umeachama, ngozi imekunjamana kama ya mtu aliyeona mengi na hakusahau hata moja. Nilipokiona mara ya kwanza nilirudi nyuma hatua moja, na mimi ni mtu mzima.

Si kichwa cha mtu. Ni tanipu, lile zao la chini ya ardhi lililo ndugu wa kabichi na sukumawiki, gumu kama gogo, ambalo Waairishi huwalisha ng'ombe na kulila wenyewe. Kwa usahihi zaidi, ni nakala ya plasta. Mwaka 1943 mwalimu mmoja wa shule katika kijiji cha Fintown, jimbo la Donegal, aliipatia makumbusho ya taifa fanusi ya tanipu, akieleza kwamba pale kijijini hakukuwa tena na mtu anayechonga za namna ile. Fanusi yenyewe ilikuwa imekauka na kudhoofika mno, ikabidi itolewe nakala ya plasta ili sura isipotee.

Watu wengi wakisikia neno Halloween hufikiria peremende, mavazi ya mifupa na sinema za kutisha. Mimi hufikiria kijiko. Niliishi miaka kadhaa kaskazini-magharibi mwa Ireland, na katika sikukuu ile nzima hakuna kilichonishika kama kazi ya kukaa jikoni na tanipu mapajani, ukiikomba kidogo kidogo mpaka ibaki ganda lenye uso. Naamini hapo ndipo ulipo moyo wa sikukuu. Mengine yote ni mapambo.

Sikukuu yenyewe ni kongwe. Wakulima na wafugaji wa Kigaeli, wa Ireland, Uskoti na Kisiwa cha Man, waliugawa mwaka mafungu mawili, la nuru na la giza. Lango la fungu la giza liliitwa Samhain, jina linalotamkwa karibu na "sauin", ambalo mpaka leo kwa Kiairishi ndilo jina la mwezi wa Novemba. Ng'ombe waliokuwa wamepandishwa milimani tangu Mei waliteremshwa, na wale ambao nyasi kavu za ghalani zisingewatosha walichinjwa. Mioto mikubwa iliwashwa vileleni. Maandishi ya zama za kati yanakitaja kilima cha Tlachtga, karibu na Athboy katika jimbo la Meath, kuwa mahali pa moto wa Samhain. Usiku huo, waliamini, mlango kati ya walio hai na wa ng'ambo ulikuwa wazi. Wafu waliweza kurudi kuota moto majumbani mwao, na viumbe wakaao chini ya vilima waliweza kutoka na kumchukua mtu.

Hesabu yao ya siku Mswahili ataielewa bila kufafanuliwa. Siku ilianza jua linapozama, usiku ukautangulia mchana wake, kama wazee wetu wa pwani wanavyouita usiku wa Ijumaa ule ambao kwa hesabu ya Kizungu bado ni Alhamisi. Ndiyo maana sikukuu ya tarehe 1 Novemba hushikwa jioni ya tarehe 31 Oktoba.

Kanisa lilipoingia halikuizima siku hiyo. Katika karne ya 8 Papa Gregori wa Tatu aliweka wakfu kikanisa cha Watakatifu Wote mjini Roma, na mwaka 835 sikukuu yao ya tarehe 1 Novemba ikaenezwa katika milki ya Wafaranki. Mkesha wa sikukuu hiyo ndio uliofupishwa midomoni mwa Waskoti ukawa Halloween. Tarehe 2 ikawa siku ya kuwaombea marehemu. Maskini walipita nyumba kwa nyumba wakipewa vimkate ili wawaombee wafu wa nyumba ile, na watoto wa Ireland na Uskoti walijipaka masizi usoni, wakaimba mlangoni, wakapewa njugu na matofaa. Peremende za leo chimbuko lake ni hapo. Habari hizo zimeandikwa sana, sitakaa juu yake.

Na tanipu iko wapi katika yote hayo? Wapo waandishi wanaopenda kusema kwamba makuhani wa Kikelti, Wadruidi, walichonga tanipu miaka elfu mbili iliyopita. Maandishi ya kale hayasemi hivyo. Tanipu kubwa ya manjano inayochongwa siku hizi ilifika visiwa vile katika karne ya 18, na habari za fanusi zenye nyuso huanza kusomeka katika karne ya 19. Kwangu hilo haliipunguzii kazi hii heshima hata chembe. Linaipeleka sifa kwa wenyewe: watoto na vibarua wa mashambani waliotazama lundo la chakula cha ng'ombe wakaona vichwa.

Aliyenionyesha kazi hii alikuwa jirani yangu, mjane wa makamo makubwa aliyelelewa shambani. Nilimwita Mama kwa desturi ya kwetu, naye akazoea. Mezani aliweka kisu kifupi cha kumenyea viazi, kijiko cha chuma na sindano nene ya kufumia sweta. Hakikuwapo kingine.

Alianza kwa kuchagua, na hakuwa na haraka. Alizipindua tanipu moja moja kutoka guniani, akizipima kwa mkono. Alitaka iliyo nzito kuliko inavyoonekana, yenye kitako cha kukaa bila kuyumba, na yenye mizizi midogo chini, kwa sababu mizizi ile ingekuwa ndevu. Aliyoipata ilikuwa imepinda upande mmoja. Mimi ningeitupa. Yeye aliigeuza mpaka lile pindo likawa taya.

Akakata kifuniko upande wa majani. Mkato wake haukuwa bapa. Kisu kilikwenda mshazari kuelekea ndani, ili kifuniko kikae kama kizibo kwenye chupa na kisitumbukie mshumaa ukiwaka. Kisha akaanza kukomba, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Boga lina uwazi katikati, mbegu na nyuzinyuzi. Kulisafisha ni kazi ya dakika chache. Tanipu haina uwazi wowote. Ni nyama tupu toka ganda hadi ganda, na kila nafasi ya mshumaa ni lazima uifanye mwenyewe. Mama alichora mistari juu ya nyama kwa ncha ya kisu, mingine akaikatisha juu yake, kina chake kama kifundo kimoja cha kidole. Akachomeka kijiko kwenye mikato ile, akakizungusha, vikatoka vipande kama madonge ya sukari. Akachora tena, akavunja tena. Vipande vilikwenda kwenye sufuria. Hicho kilikuwa chakula cha jioni.

Kijiko chake kilikuwa kimelika upande mmoja kwa miaka ya kukwangua, makali yake yamekuwa membamba kama ya kisu. Nilipotaka kukijaribu alinipa kingine. Kilinikumbusha mbuzi ya nazi ya bibi yangu, ambayo hakuna mjukuu aliyeruhusiwa kuikalia. Anayejua kukuna nazi anajua jambo lile lile: unakuna nyeupe, unakuna nyeupe, na kabla hujaona kifuu mkono umekwisha kugeuka wenyewe. Mama naye hakutazama ndani ya tanipu. Alisikiliza. Kijiko kinapokwangua mahali pazito hutoa sauti ya chini; ukuta ukianza kuwa mwembamba sauti hupanda. Niliambiwa hivyo nikadhani ni maneno ya kizee, mpaka nilipotoboa yangu ya kwanza. Sauti ilikuwa imeniambia na sikuisikia.

Baada ya saa nzima na zaidi aliiinua tanipu mbele ya taa ya jikoni. Ukuta uling'aa rangi ya siagi. Palipokuwa na kivuli palikuwa bado na unene, akarudi hapo kwa ncha ya kijiko, akaiinua tena, akarudi tena. Kila safari alitoa kiasi cha ukucha. Unene alioutaka ulikuwa karibu wa kidole changu kidogo, na mbele, mahali pa uso, mwembamba zaidi kidogo.

Uso aliuacha mwisho, nao ulimchukua dakika kumi tu. Hapo nilielewa kitu kimoja kuhusu fanusi ya Fintown. Nyuso hizi hazitishi kwa kuwa mchongaji ana akili ya kutisha. Zinatisha kwa kuwa tanipu haikubali mviringo. Kisu kifupi hakiwezi kugeuka ndani ya nyama ngumu vile. Kinaweza kusukumwa moja kwa moja, kutolewa, na kusukumwa tena kutoka pembe nyingine. Kila jicho likawa na kona. Kila jino likawa kipande kilichobaki kati ya mikato miwili. Ukitaka mtoto wa tanipu anayetabasamu, utafanya kazi mara tatu na bado atakasirika. Ugumu wa kitu ndio uliochora uso, na wachongaji wa zamani waliukubali.

Matundu yalikuwa madogo, na hilo nalo lilikuwa na sababu yake. Upepo wa Donegal mwishoni mwa Oktoba hauna huruma, na fanusi hii ilibebwa mkononi barabarani au ikawekwa juu ya ukuta wa mawe mlangoni. Jicho kubwa lingeingiza upepo na kuuzima mshumaa. Lakini moto lazima uvute hewa, kwa hiyo mdomo hukaa chini na kwenye kifuniko hutobolewa tundu la kutolea moshi. Kwa sindano ya kufumia Mama alitoboa matundu mawili zaidi ubavuni, akapitisha kamba ya kubebea. Akaweka kipande cha mshumaa, akawasha, akazima taa ya jikoni.

Sitajaribu kuueleza uso ule. Nitaeleza harufu. Mshumaa unapopasha kifuniko, tanipu huanza kuiva taratibu, na jikoni hujaa harufu ya kabichi iliyochomwa, tamu kidogo, yenye moshi. Waairishi wa umri wa Mama wakiisikia harufu hiyo hawahitaji kalenda. Kwao ndiyo Halloween yenyewe.

Kuna hadithi ya kueleza jina la fanusi hizi. Jack alikuwa mlevi na laghai aliyemnasa Ibilisi juu ya mti kwa kuchora msalaba kwenye shina, akamwachia pale tu alipoahidi kutoichukua roho yake. Jack alipokufa, peponi hakupokelewa kwa matendo yake, na motoni hakupokelewa kwa ile ahadi. Ibilisi akamtupia kaa la moto limulike njia yake, Jack akalitia ndani ya tanipu aliyokuwa akiitafuna, na mpaka leo anazunguka nalo. Jina lenyewe, Jack wa fanusi, Waingereza walilitumia tangu karne ya 17 kwa mlinzi wa usiku na kwa vimulimuli vya ajabu vinavyoonekana juu ya vinamasi. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi, na kila mara ninachokipenda ni kile kipande cha tanipu ya kutafunwa. Msimulizi alijua kwamba fanusi lazima ikombwe, akampa Jack njaa ya kuikomba.

Watu waliweka nyuso hizi madirishani na mlangoni ili zifukuze vilivyokuwa vinatembea usiku huo. Kiswahili kinalibeba wazo hilo katika neno moja. Mwanga ni nuru, na mwanga ni yule atembeaye usiku uchi kuwaroga wenzake. Nimejiuliza mara nyingi lugha yetu iliwezaje kuwaweka hao wawili chini ya neno moja, na sikupata kuona mfano wake mpaka nilipokaa mbele ya tanipu ya Mama: mwanga ndani, mwanga usoni, mmoja akimfukuza mwingine. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Wajukuu wa Mama, waliokuwa wakiogopa kwenda bandani gizani, walikwenda usiku ule wameshika fanusi waliyosaidia kuikomba.

Njaa kuu ya Ireland, kuanzia 1845, iliua watu wapatao milioni moja na kuwasukuma zaidi ya milioni moja kuvuka bahari. Walibeba mkesha wao. Upande wa pili, Amerika, walikuta boga.

Boga ni mwenyeji wa kule hasa. Katika pango la Guilá Naquitz, Oaxaca, nchini Mexico, zimepatikana mbegu za maboga yaliyolimwa yapata miaka 10,000 iliyopita. Kibuyu chetu ni cha ukoo huo huo, ila asili yake ni Afrika, na pengine kwa sababu hiyo mtu wa kwetu akiona boga lililokombwa hashangai sana. Amekwisha kunywa maji katika binamu yake. Wamarekani walikuwa wakichonga nyuso kwenye maboga hata kabla hazijafungwa na sikukuu yoyote. Tarehe 1 Novemba 1866 gazeti moja la Kingston, Ontario, nchini Canada, liliripoti kwamba vijana wa mji usiku uliotangulia walikuwa wametumia maboga mengi kutengeneza vichwa vyenye mishumaa ndani. Hapo desturi mbili zilikuwa zimekwisha kukutana.

Nakiri nilianza kwa kulidharau boga. Ni jepesi, lina tumbo wazi, kisu kinapita kama kwenye tikiti. Niliona ni njia ya mkato. Nilibadili mawazo nilipokaa na wachongaji wa kweli na kuona kwamba boga limeondoa taabu ya kukomba ili kuleta taabu nyingine.

Taabu hiyo ni hii. Katika tanipu unachonga mashimo matatu manne. Katika boga lenye uso mpana unaweza kuchonga picha: paka juu ya ukuta, mti uliopukutika majani, sura ya mtu unayemfahamu. Lakini picha ya nuru ina sheria yake. Kinachoondolewa ndicho kinachong'aa, kinachobaki ndicho giza, na kila kipande cha giza lazima kiwe kimeshikamana na kingine. Ukitaka jicho jeupe lenye mboni nyeusi katikati, ukakata duara kuzunguka mboni, mboni itadondoka mkononi mwako, maana haishikwi na chochote. Ni kisiwa. Lazima uiachie daraja, kijisehemu cha ganda kinachoiunganisha na kope. Mchongaji hodari hulificha daraja lile ndani ya picha yenyewe: analifanya kuwa unyoya, ufa, kivuli cha pua. Asiye hodari daraja lake huonekana kama fito iliyosahauliwa na fundi. Nimekaa muda mrefu mbele ya boga zuri nikitafuta madaraja yake, kama mtu anayegeuza kitambaa kuangalia upande wa nyuma wa mshono.

Na mpangilio wa kukata una adabu yake. Vipande vidogo hutangulia, vikubwa hufuata. Vya katikati hutangulia, vya pembeni hufuata. Ukianza na mdomo mkubwa, ganda limekwisha kudhoofika, na shinikizo la mkono wako unapochonga jicho litauvunja ukuta kati yao. Mchoro huwekwa kwanza kwa kutoboa vijitundu vya pini kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya boga, halafu msumeno mwembamba, wenye upana wa njiti chache za kiberiti, hufuata kijitundu hadi kijitundu. Msumeno husimama wima. Haulazimishwi. Kipande kikikatika hakivutwi kwa mbele, husukumwa kwa kidole kutoka ndani.

Hata boga lenyewe lilitafutiwa mbegu ya kazi hii. Katika miaka ya 1960 John Howden, mkulima wa Massachusetts, alichagua msimu hadi msimu mpaka akapata boga linaloitwa kwa jina lake: la rangi ya chungwa iliyokolea, lenye mifereji, lenye kikonyo kinene kisichokatika ovyo. Kwa kula si zuri, lina maji na nyuzi. Lilizaliwa ili lichongwe.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Ray Villafane, aliyekuwa mwalimu wa sanaa Michigan, halichongi boga hadi kulitoboa. Anaondoa ganda na kuifinyanga nyama yake kwa vitanzi vya waya vya wafinyanzi, mpaka uso unatokeza wenye makunyanzi, mashavu, meno, mate yanayotaka kudondoka. Naye huchagua kama Mama alivyochagua: lile zito kuliko linavyoonekana, maana uzito ni dalili ya ukuta mnene, na lenye vinundu, kwa kuwa kinundu kinaweza kuwa pua. Huko Croton-on-Hudson, jimbo la New York, tangu 2005 kila mwaka huwekwa maonyesho yenye maboga zaidi ya 7,000 yaliyochongwa kwa mkono. Mji wa Keene, New Hampshire, uliwasha maboga 30,581 kwa mara moja mwaka 2013. Wingi huo unapendeza kwa mbali. Ukiniuliza mimi, boga moja lenye daraja lililofichwa vizuri linatosha jioni nzima.

Tanipu nayo haikufa. Kisiwa cha Man bado huichonga kwa sikukuu yao ya Hop-tu-Naa, tarehe 31 Oktoba. Katika kijiji cha Hinton St George, Somerset, Uingereza, watoto hutembea Alhamisi ya mwisho ya Oktoba na fanusi za zao jingine la ng'ombe, ndugu wa bitiruti. Lakini mahali ambapo kazi ya tanipu imefika kileleni, kwa maoni yangu, si nchi za Wagaeli kabisa. Ni Richterswil, mji mdogo kando ya Ziwa Zürich, Uswisi, ambao Jumamosi ya pili ya Novemba huzima taa za barabarani na kupitisha maandamano ya fanusi za tanipu, tani zaidi ya 20 za tanipu kwa usiku mmoja. Haihusiani na Halloween. Ni sikukuu ya mavuno. Ila wachongaji wa Halloween wangepaswa kwenda kusoma huko.

Tanipu ya Waswisi ni nyeupe, ngozi yake ya zambarau. Wao hawatoboi. Wanaikomba mpaka ukuta unakuwa mwembamba sana, kisha kwa nje wanaondoa ngozi tu, wakichora nyota, mwezi, nyumba, majani. Palipoondolewa ngozi nuru hupita nyeupe kama maziwa. Palipobaki ngozi hupita ya waridi. Hakuna tundu hata moja upande wa picha. Nuru inapita katika nyama yenyewe. Kila kosa la kijiko huonekana, mahali pazito pakiwa na wingu, mahali pembamba mno pakipasuka mshumaa ukikolea. Hapo hakuna kisu cha kuficha kasoro ya kukomba. Niliposhika moja nilimkumbuka Mama akiinua tanipu yake mbele ya taa, akitafuta vivuli kwa ajili ya uso ambao mwishowe ungetobolewa tu. Hakuna ambaye angeuona unene wa ukuta wake. Aliusawazisha hata hivyo.

Siku hizi mishumaa ya betri imeenea, na naelewa kwa nini, hasa kwenye nyumba zenye watoto na mavazi ya nailoni. Lakini taa ile haipumui. Mwali wa mshumaa hucheza kila hewa inapoingia mdomoni, na kucheza kwake ndiko kunakoutikisa uso, kope zikaonekana kupepesa. Mchongaji aliyejua ukubwa wa kila tundu alikuwa anajua pia hewa itapita vipi. Ukiweka taa ya betri, nusu ya kazi yake imezimika.

Boga lililochongwa hudumu siku chache, wiki likibahatika na baridi. Hulainika, huingia ukungu, hukaa chini kama mzee aliyechoka. Tanipu hufanya vingine. Haiozi haraka, hukauka, hujikunja, macho huingia ndani, mdomo huvutika. Kila siku uso huzeeka mwaka. Ya Mama ilikaa juu ya kabati mpaka katikati ya Novemba, na kila asubuhi ilikuwa mtu mwingine. Ndivyo nayo ile ya Fintown ilivyopata sura yake: nusu ni kazi ya kisu, nusu ni ya hewa.

Wewe unayesoma haya ukiwa Toronto, Minneapolis, Leeds au Dublin, ambaye watoto wako wataomba kinyago cha dukani Oktoba ijayo, wanunulie pia tanipu moja. Chagua iliyo nzito, yenye kitako kilichotulia. Mpe kila mtoto kijiko cha chuma, kisu kikae mkononi mwako. Kata kifuniko kwa mshazari, sikiliza sauti ya kijiko inapopanda, vipande vipeleke sufuriani na chumvi na siagi. Na anzeni mchana, si jioni, maana itawachukua muda mrefu kuliko mnavyodhani.